Mbuzi, Laptopu na Risala ya Kalavati

Jumatatu, 10 Februari

Laptopu haichaji. Ingekuwa haichaji kabisa ningeelewa. Hii inachaji ikitaka! Taa ya pembeni inawaka, nafurahi, nainuka kwenda kunawa, nikirudi imezimika. Nikachomoa, nikachomeka tena. Ikawaka. Nikakohoa. Ikazimika.

Na wiki yenyewe ndiyo hii. Jumamosi kikundi chetu cha wakulima hapa Mtawanya kinampokea Alhaji Gharibu, mzaliwa wa hapa hapa, sasa ana kampuni ya ujenzi Dar es Salaam. Mimi, Mshamu, ndiye katibu, na mimi ndiye nitakayesoma risala. Mwisho wa risala kuna ombi moja tu: kalavati la kuvukia kijito cha njia ya zahanati. Masika yakianza kijito kinajaa, na mama yangu, Bi Hadija, mwenye presha, anakosa kliniki mpaka maji yapungue. Mwaka jana alikosa miezi miwili, akaanguka uani. Kwa mtu wa ujenzi kalavati ni kazi ya siku tatu.

Risala yote imo ndani ya laptopu. Kuna kuichapa kwenye karatasi, najua. Lakini karatasi anaweza kuishika mtu yeyote, na hapo ndipo atakapopenya Abdulhalim, katibu msaidizi. Abdulhalim ni muadhini. Ana sauti. Wameshaanza watu kusema heri asome yeye. Laptopu ina neno la siri, na neno la siri ninalo mimi peke yangu. Kwa hiyo hakuna cha karatasi.

Nimegundua tatizo ni soketi. Nimejaribu ya chumbani, ya sebuleni, ya barazani. Mwisho nikachomoa friji, nikachukua soketi yake. Taa ikawaka! Nilikaa pale asubuhi nzima naiangalia. Imeongezeka asilimia nne. Barafu zote za mke wangu Mwanabaraka, za kuwauzia watoto wa shule, zimeyeyuka. Amesema kesho watoto wakija na kiu atawaelekeza kwangu niwasomee risala. Nimechoka.

Jumanne, 11 Februari

Bodaboda mpaka Kibiti mjini, kwa fundi Sabra, binti mwenye meza ya simu jirani na stendi. Alichomeka chaja yake kwenye laptopu yangu: ikawaka, ikazimika. Akachomeka chaja yangu kwenye laptopu ya mtu mwingine: ikawaka, ikatulia. Akasema chaja nzima, soketi za nyumbani nzima, kilicholegea ni tundu la kuchajia. Na betri imezeeka, inadanganya, nisiiamini namba ya kwenye kioo. Niiache mpaka Alhamisi, aifungue, alichomelee tundu upya.

Niiache! Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Mtawanya, anko, kwani hunijui? Nikamuuliza baba yake anaswali msikiti gani. Akanitazama sana, akasema anaswali kwa muadhini Abdulhalim, nani asiyependa sauti ile. Basi nikaelewa kila kitu. Nikakunja waya wangu nikaondoka. Akanipigia kelele kwa nyuma kwamba kama ni kitu cha muhimu nikiandike basi hata kwenye daftari. Unaona? Wamepangana.

Vumbi njia nzima. Kiuno kinauma.

Jumatano, 12 Februari

UGUNDUZI! Laptopu haitaki fundi. Inataka kuinama.

Tangu alfajiri nimeilaza juu ya mto, juu ya matofali, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuna. Kisha jicho likaangukia mbuzi ya kukunia nazi pale jikoni. Laptopu unaikalisha juu ya kiti cha mbuzi, mgongo umeinuka kidogo. Waya unapita chini, unauzungusha mara mbili kwenye ulimi wa mbuzi, unauvuta lakini si sana. Taa imewaka na haizimiki! Nimekohoa mara sita kuhakikisha.

Saa tano Mwanabaraka akaingia na nazi ameshaivunja, kizio huku na kizio huku. Nikamwambia mbuzi ina kazi. Akasema kazi ya mbuzi anaijua. Nikamweleza habari ya tundu na pembe ya mwinamo. Akaniuliza Alhaji akija atakula nini, mwinamo?

Mchana tumekula wali mkavu na mchicha wa kuchemsha. Mama alikula vijiko vitatu akaweka kijiko chini. Akauliza kwa upole, mwanangu, na hii nayo ni katika mambo ya kalavati? Nikasema ndiyo, mama, tunajitolea. Akasema haya, Mungu akuwezeshe.

Alhamisi, 13 Februari

Asilimia sabini na moja. Marufuku mtu kupita jikoni akikanyaga kwa nguvu.

Abdulhalim alikuja. Alipiga hodi, akampa mama shikamoo yake ndefu, akamuuliza presha ikoje, akamuuliza dawa anakunywa. Wanasikilizana sana hao wawili. Kisha akanijia na kusema kwa sauti ya chini kwamba amesikia chombo kinasumbua. Eti ana daftari jipya. Mimi nitamke, yeye aandike, tuwe na akiba tu, likitokea la kutokea. Nikamjibu kwamba risala si orodha ya vyombo vya harusi, haiandikwi na kila mtu. Akaitazama laptopu juu ya mbuzi. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Alipoondoka Mwanabaraka naye akaanza yake. Akasema kalavati lianze juu kabisa, mstari wa kwanza, maana wageni huchoka. Nikamfundisha. Risala ina utaratibu: salamu, historia, mafanikio, changamoto, ndipo maombi. Ukianza na maombi unaonekana ombaomba. Akauliza, na kama mvua ingekuwa na utaratibu?

Kwa hasira nimeongeza aya tatu kwenye historia, jinsi katibu alivyoleta teknolojia katika kikundi. Kalavati sasa liko ukurasa wa saba.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda msikitini roho ikiwa jikoni. Abdulhalim leo kaivuta adhana makusudi. Nimerudi mbio, viatu nimevaa vya mtu mwingine.

MIA MOJA! Asilimia mia moja, imeandikwa waziwazi juu ya kioo. Nilimwita Mwanabaraka aje aone. Akaona. Akauliza kama sasa anaweza kuichukua mbuzi yake.

Baada ya kuchomoa nikaifungua kidogo ili nihakiki. Mia moja. Nikasoma aya moja. Tisini na nne. Nikaifunika haraka. Yule binti wa stendi alisema namba inadanganya, lakini yeye ni fundi wa simu, hii ni laptopu. Nimeifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Jikoni nazi inakunwa. Nimelala alasiri nzima.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika kwa sababu sina wa kuzungumza naye.

Alhaji alitegemewa saa tatu. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa, maturubai, akina mama na sare zao, mama yangu mstari wa mbele na kanga mpya. Niliiweka laptopu meza kuu na kuifungua, kioo kikiwaelekea watu, waone. Mwanabaraka alinionyesha kwa mkono niifunge. Nikajifanya sikumwona. Alhaji alifika saa sita na nusu. Laptopu ilikuwa hamsini na mbili.

Nikasimama. Salamu zilikwenda vizuri. Historia ilikwenda vizuri. Nilikuwa aya ya nne, pale jina langu linapotajwa mara ya pili, asilimia thelathini na moja, kioo kikawa cheusi. Bila hata onyo! Nikabonyeza. Nikabonyeza kwa muda mrefu. Nikaiinamisha. Nikaiinamisha upande wa pili. Mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti jamani aletewe mbuzi, na uwanja mzima ukacheka, na Alhaji akacheka ili asionekane mgeni.

Hapo Abdulhalim akaja taratibu kutoka nyuma, daftari mkononi. Ameandika yale tuliyokubaliana kikaoni, ukurasa mmoja, kalavati tu. Akaniwekea mbele yangu na kuninong'oneza: isome wewe. Mimi! Hakutaka hata kusoma yeye. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na nikasikia mwanamke mmoja anasema alhamdulillahi, Abdulhalim huyo.

Sijui ni kitu gani kilinipata. Nililifunga daftari, nikashika kipaza sauti, nikasema: mheshimiwa mgeni rasmi, risala yetu imeishia hapo.

Mwenyekiti alifungua mdomo akaufunga. Ni mtu wa itifaki. Kisichokuwamo kwenye risala hakisemwi mbele ya mgeni. Alhaji akasimama. Akasema amekwenda vijiji vingi, hajapata kusikia risala isiyoomba kitu. Macho yake yalilowa, wallahi. Akasema watu wenye heshima kama hii hawangoji kuomba, na wanachopungukiwa amekiona kwa macho yake mwenyewe. Atatuletea kompyuta mpya. Nilipiga makofi. Nilikuwa wa kwanza, na kwa muda nilikuwa peke yangu.

Mama alimwinamia Mwanabaraka. Nilimsikia akiuliza, hilo kalavati amesema linaanza lini? Mwanabaraka alimshika mkono.

Jumapili, 16 Februari

Naona aibu. Nimetoka kwenda dukani nikarudi njiani.

Chakula kimewekwa, wali wa nazi, umenona. Mwanabaraka aliweka sahani akaenda kula na mama uani. Mama ameomba tu mwezi huu apelekwe kliniki mapema, mvua isije ikamkuta.

Nimekata shauri nimpigie Alhaji nimwambie kweli yote. Namba yake iko kwenye barua ya mwaliko. Barua iko kwenye laptopu. Laptopu haiwaki, hata juu ya mbuzi. Abdulhalim anayo namba kwenye simu yake. Nimekaa barazani tangu adhuhuri mpaka alasiri nikipima kama niende kumwomba. Mwisho nimeona ningoje laptopu ipone.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua siku ya tisa. Kijito kimefika kiunoni. Na leo ilikuwa kliniki ya mama, aliyokwisha kuikosa wiki iliyopita.

Abdulhalim alikuja asubuhi bila kuitwa. Akachuchumaa barazani, akamwambia mama panda. Mwanabaraka alitangulia na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, ameishika juu. Kazi yangu ilikuwa kumshika mama mgongo kwa nyuma.

Tulipofika ukingoni tukasikia honi upande wa pili. Lori la Alhaji! Dereva ameinua boksi juu ya kichwa, boksi jeupe, jipya. Kompyuta! Nikamwambia Abdulhalim anisubiri kidogo, nikaingia majini peke yangu nikavuka.

Lori lilikuwa limejaa mabomba makubwa ya zege. Nikamuuliza dereva ni ya nini. Akasema makalavati hayo, manne, yanakwenda Mahege, kijiji cha jirani, kwa njia ya juu. Bosi alialikwa kule mwezi uliopita. Katibu wao alisimama na ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa mkono, akasema hatuna kalavati, akakaa. Bosi alicheka, akatoa amri palepale. Dereva akayatazama maji yetu, akanitazama nilivyolowa. Akaniuliza, mzee, kwani ninyi mliona haya kusema?

Nikamwambia anikabidhi boksi, mvua inaongezeka.

Abdulhalim hakusubiri. Tulikutana katikati, yeye na mama mgongoni, mimi na boksi kichwani. Pale chini kuna mawe ya kukanyaga, yanatosha mtu mmoja. Nikapiga kelele kwamba kompyuta haitakiwi kupata hata tone. Abdulhalim akasogea pembeni penye kina, maji yakampanda kifuani, kanga ya mama ikalowa mpaka magotini. Mama aligeuza shingo akanitazama nilivyokuwa napita. Akasema taratibu, mwanangu, usije ukaanguka.

Jioni sasa. Wamerudi salama, mama amelala, anakohoa kidogo. Lakini kompyuta ni nzuri mno! Inachaji sebuleni, inachaji chumbani, inachaji hata ukiitikisa. Nimeanza kuandika risala ya shukrani kwa Alhaji. Ni ukurasa wa tano na bado niko kwenye historia. Watu wa Mahege nawahurumia. Ukurasa mmoja, kwa mkono, na hata jina la katibu hawakuliweka.