Naomba Ndita za Mke Wangu Zirudishwe

S.L.P. 41,
Tabor Creek, Nebraska.
14 Septemba

Kwa Muuguzi Roxanne Tietjen,
Mmiliki, Kliniki ya Uso Mwororo,
Barabara Kuu, mkabala na duka la mbegu.

Ndugu Muuguzi,

YAH: KUPOTEA KWA NDITA ZA BI. ARLYS STASTNY

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuchoma watu sindano usoni mchana kutwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba uso wako, ambao huwa nauona kwenye bango la barabara ya kwenda Kearney, bado una uwezo wa kuonyesha kwamba umeisoma.

Jina langu ni Merle Stastny. Mimi ni dalali wa mnada wa ng'ombe hapa Tabor Creek, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na tisa. Wasiojua husema kazi yangu ni kupayuka kwa kasi. Kazi yangu ni kusoma nyuso. Mfugaji wa huku hanyooshi mkono mnadani, maana hataki jirani yake ajue anamtaka fahali yupi. Mmoja hupandisha unyusi, mwingine hukunja paji, mwingine hubana jicho chini ya kofia. Nawasoma wote kwa mpigo, na sikuwahi kukosea mpaka wewe ulipofungua kliniki.

Mke wangu ni Arlys. Tumeoana miaka arobaini na moja. Jumamosi moja ya mwezi Machi, jirani yetu Connie Rademacher aliwaalika wanawake wa kanisani kwetu kwa keki na kahawa, na wewe ukaalikwa pamoja na kijisanduku chako cha sindano za kulegeza misuli ya uso ili mikunjo ipotee. Arlys alikwenda. Alirudi na karatasi yenu yenye kichwa "Mambo ya Kujua Kabla ya Sindano", akaibandika kwenye jokofu. Tangu siku hiyo mke wangu hajanikunjia uso hata mara moja. Karatasi hiyo nimeisoma mpaka nimeikariri. Ina mambo tisa, na hakuna hata moja linalomhusu mume. Naomba basi mambo yafuatayo yaongezwe, kisha nitataja madai yangu.

1. Karatasi yenu inaonya juu ya michubuko, maumivu ya kichwa na kope kulegea. Haionyi juu ya mnada. Mwezi Aprili tulikuwa na mnada mkubwa wa mafahali. Duane Koehn, ambaye kwa miaka ishirini amenunua kwangu kwa kupandisha unyusi wa kushoto, alikaa mstari wa mbele akinikodolea macho kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikadhani amefiwa. Nikagonga nyundo, na fahali akaenda kwa mtu wa kaunti ya jirani. Duane alinifuata nyuma ya zizi akiwa amewaka.

"We Merle, umepofuka? Nimepandisha mara nne!"

"Umepandisha nini, ndugu yangu? Uso haukutikisika hata kidogo!"

Ndipo akaninong'oneza kwamba alichomwa na wewe kwa sababu ya kipandauso, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe tu, ambaye ulikuwa unajua tayari. Sasa inabidi niwaombe wanunuzi wapunge kofia hadharani, kila mtu anajua nani anamtaka nani, na mashemeji wawili wa huku hawasalimiani.

2. Karatasi inasema dawa huanza kufanya kazi baada ya siku tatu hadi kumi na nne, na huisha baada ya miezi mitatu au minne. Kwa Arlys ilianza siku ileile. Alirudi kutoka kwa Connie, akaketi kwenye kiti cha dirishani, wima, masaa manne bila kulala wala kuinama, sawasawa na maagizo yenu. Nikamweleza kwa kirefu habari za ng'ombe mia mbili walioongezwa kwenye mnada wa wiki iliyofuata. Akanitazama, paji limetulia tuli. (Siku hiyo tulikuwa tumepata habari kwamba dada yake, Verna, amevunjika nyonga huko Oregon, lakini hilo halihusiani na malalamiko haya.)

Sasa ni Septemba. Miezi sita imepita na dawa haijapungua hata chembe. Nimeishi na mifugo maisha yangu yote, Ndugu Muuguzi. Dozi ya ng'ombe nikiiona naijua. Nilipopiga simu kliniki kuuliza mlimchoma nini, binti wa mapokezi alinijibu, "Babu, habari za mteja hatutoi, hata kwa mumewe." Kama Arlys asingekuwa mteja, si angesema tu kwamba si mteja? Jibu hilo nimeliandika na tarehe yake, kama ushahidi.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Kwa miaka arobaini na moja, ndita za Arlys ndizo zilizoendesha nyumba yetu. Mstari mmoja wima katikati ya nyusi maana yake nimeongea vya kutosha. Miwili, iliyosimama kama kumi na moja, nifunge mdomo. Ikitokea pamoja na ile mitatu ya kulala juu yake, natandika kochi mwenyewe bila kuambiwa. Ndiyo sababu sijawahi kumuuliza mke wangu analionaje jambo lolote. Sikuwa na haja. Lilikuwa limeandikwa pale juu, na mimi kusoma najua.

Nilikuwa nimemwahidi kwamba vuli hii nastaafu, tukokote nyumba yetu ya magurudumu mpaka Oregon, tukae na Verna majira yote ya baridi. Arlys alishanunua ramani na kuweka alama za mahali pa kulala. Mwezi Agosti wenye mnada wakaniomba niendelee miaka miwili zaidi. Nikasaini. Jioni nikamweleza mezani, tukila maharage ya pilipili na nyama kwa mkate wa mdalasini. Nikalitazama paji lake la uso. Nikangoja kama ninavyomngoja mnunuzi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Hakuna kilichotikisika.

"Sawa, Merle," akasema, akaniongezea maharage.

Kwenye kazi yangu asiyetikisika hana neno. Nikahesabu jambo limepita.

Siku ya nne yake nilikuta upande wake wa kabati uko mtupu. Yuko Kearney kwa binti yetu, Kendra. Nikampigia Kendra nikamuuliza, "Mama yako amekasirika?"

"Muulize mwenyewe, Baba. Simu si anayo?"

Sasa nitamuulizaje mtu kwenye simu, ambaye hata uso wake ukiwa mbele yangu nilishindwa kuusoma? Nikisema samahani na kumbe hana hasira, nitakuwa nimejitia hatiani bure. Nisiposema na kumbe anayo, ndiyo hivyo tena. Nataka mke wangu arudi nyumbani, Ndugu Muuguzi. Nalisema wazi kwa kuwa umri wangu hauniruhusu kuzungukazunguka. Nakula mayai mara tatu kwa siku, na nimeanza kumweleza mbwa habari za soko.

4. Kisheria, ndita zile ni mali ya pamoja ya ndoa, na kwa haki kabisa mchango mkubwa ni wangu. Mstari wa kwanza niliuweka mimi mwaka wa tatu wa ndoa, nilipouza piano ya mama yake katika mnada wa vyombo vya marehemu mmoja, kwa sababu tu ilikuwa imewekwa karibu ikingoja kuhamishiwa kwetu, nikadhani nayo ni ya marehemu. Mstari wa pili niliuweka Kendra alipozaliwa. Nilikuwa kwenye mnada wa ndama, nikafika mtoto ana siku mbili. Ile mitatu ya kulala imejengeka polepole kwa juhudi zangu za kila siku: sikukuu nilizosahau, Jumapili nilizokoroma kanisani, wageni niliowaleta bila taarifa. Halafu kuna siku alipotimiza miaka hamsini, nilipompandisha jukwaani nikamnadi kwa mzaha mbele ya wageni wote, na hakuna aliyetaja bei. Watu walicheka sana. Yeye alikunja mitano yote kwa pamoja, na niseme kweli, ulikuwa uso wa kupendeza.

Kazi ya miaka arobaini na moja, wewe umeifuta kwa dakika kumi kwenye jiko la Connie, bila hata saini yangu.

5. Mchungaji. Sitasema mengi. Mahubiri yake yamefika dakika hamsini na tano, kwa kuwa mabenchi manne ya mbele hayaonyeshi kuchoka.

6. Kwa hiyo nadai, kwa heshima zote:

Kwanza, Arlys apewe dawa ya kuondoa dawa. Karatasi inasema haipo, mtu hungoja tu iishe yenyewe. Itafuteni. Pili, kila mwanamke aliyeolewa aje kwenu na kibali cha mumewe. Nilimdokezea Connie wazo hili tukiwa kwenye uzio, akanijibu, "Wewe Merle ndiye ungekuwa unatembea na kibali cha kuongea," nami nimechukulia kwamba anaunga mkono hoja. Tatu, wakati kibali kinasubiriwa, kila aliyechomwa afungwe taa mbili ndogo kwenye paji, kijani na nyekundu, kama zile za trekta. Waya nitatoa mimi.

Nne, na hili nitalipeleka mpaka bunge la jimbo kule Lincoln ikibidi, mikunjo yote ya ndoa isajiliwe kaunti kama chapa za ng'ombe zinavyosajiliwa, pamoja na mchoro na jina la aliyeisababisha, ili ikipotea mwenyewe ajue pa kwenda kuidai. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kujaza fomu. Nitahitaji karatasi za ziada.

Nakupa siku kumi na nne, ambazo kwa mujibu wa maandishi yenu wenyewe zinatosha kubadilisha uso wowote. Kama sitapata jibu, nitasoma barua hii yote mnadani kwa kipaza sauti kabla ya ng'ombe wa kwanza kuingia, isipokuwa sehemu ya Duane.

Nisalimie binti wa mapokezi, ambaye sina kinyongo naye. Msalimie mumeo, ikiwa bado anaweza kukusoma. Wasalimie wanawake wote uliowachoma, na uwaambie wanapendeza, maana wao wenyewe hawawezi kuonyesha kwamba wamefurahi. Duane ukimwona msalimie pia, ila usimwambie nimekwambia.

Ni mimi, mwenye huzuni na adabu zake zote,

Merle Stastny
Dalali

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Arlys amekuja kuchukua koti lake la baridi. Barua ilikuwa mezani. Akavaa miwani akaisoma yote akiwa amesimama, na penye habari za piano akarudia mara mbili. Kisha akasema, "Sikuchomwa, Merle. Nilikwenda kwa Connie kula keki. Nikaiona ile sindano, nikapokea karatasi ili nisimvunje moyo yule muuguzi, nikaja zangu nyumbani."

Nikamwambia haiwezekani, mbona paji lako limetulia hivyo?

Akanishika mkono akanisogeza dirishani kwenye mwanga, akavua miwani. "Tazama basi."

Nikatazama. Mistari yote ipo. Upo wa piano, upo wa Kendra, ipo na ile mitatu ya kulala, na mingine miwili ambayo sijui niliiweka lini.

"Sasa mbona hukunji?" nikamuuliza. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza kwake kuhusu jambo lolote la moyoni mwake, na sauti yangu, ambayo hujaza banda la watu mia nne, haikutoka vizuri.

"Kukukasirikia wewe ni kazi, Merle," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mmoja wetu ilibidi astaafu. Mimi nimestaafu tangu Machi."

Akachukua koti, akampapasa mbwa, akaondoka. Ramani ya Oregon alikuwa nayo kwenye gari, nimeiona kwenye kiti cha mbele.

Kwa hiyo, Ndugu Muuguzi, nayafuta malalamiko yangu yote, la kwanza mpaka la sita, na nakuomba radhi kwa lile neno la dozi ya ng'ombe. Badala yake nina ombi moja tu. Kama mna sindano yoyote inayoweza kumfanya mke amkunjie mumewe uso tena, hata kidogo, hata mara moja tu, nijulishe upesi. Sitauliza ina madhara gani.