Mheshimiwa Akataa Mchicha

Jumatatu, 9 Juni
Ifahamike kwa wote watakaosoma shajara hii, yaani mimi, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi Mheshimiwa amekataa mchicha rasmi. Aliunusa, akaupa mgongo, kisha akaukalia.

Mheshimiwa ni sungura wa binti yetu, kitinda mimba, aliyehamia mji wa mbali kikazi mwezi uliopita. Binti ametuachia sungura na karatasi mlangoni mwa friji: mchicha, spinachi, saladi, giligilani, kabichi kidogo. Mheshimiwa anatambua majani ya karoti tu. Kila jioni saa moja binti anapiga simu kupokea ripoti. Alipoishi hapa tulizungumza dakika mbili kwa siku, moja ikiwa ya kutafuta funguo. Leo, dakika kumi na tano.

Jumanne, 10 Juni
Mimi ni fundi cherehani. Jani nalo ni kitambaa tu. Nimechukua mkasi mdogo wa darizi, nikaichana spinachi nyuzinyuzi hadi ikafanana kabisa na majani ya karoti. Saa nzima, mteja wa suruali akisubiri. Mheshimiwa akairuka spinachi, akala karatasi yenye vipimo vya mteja. Mke wangu akauliza kama suruali nayo nitaichana nyuzinyuzi.

Binti alicheka mpaka akakohoa. Dakika ishirini na tisa.

Jumatano, 11 Juni
Muuza mboga wa pale kona anasema nimezidi kubembeleza. Niweke majani mapya kando ya yale aliyoyazoea, niondoke. Anayetazamwa sana huringa, akasema, akamkonyeza mke wangu niliyekuwa naye.

Mimi nikaona niutie mchicha katikati ya majani ya karoti, kama bitana ndani ya koti. Mheshimiwa akaitoa bitana bila kuharibu koti.

Kabla ya kukata simu binti aliuliza kama cherehani yangu bado inapiga kelele ile. Nikasema bado. Akasema kwake kuna kimya mno.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeweka majani, nikaenda kumpima mteja kwake. Kurudi, sahani tupu. Mchicha hakuna. Spinachi hakuna. Mheshimiwa ananitazama kama anayeuliza chakula chenyewe kinaletwa saa ngapi.

Ushindi. Nikakaa sakafuni kando yake, moyo mzito kama koti lililoloa: ripoti ya leo ingekwisha kwa dakika moja.

Saa moja simu ikalia. Nikamwambia binti kwamba Mheshimiwa amekataa kila kitu. Mke wangu, aliyekuwa akiosha sahani hiyohiyo, akaacha bomba likimwaga maji.

Ijumaa, 13 Juni
Binti ameomba ruhusa kazini. Kesho atapanda basi la alfajiri, aje ampeleke sungura kwa daktari wa mifugo.

Nimejisikia vibaya kwa kama dakika nne. Kisha nikatoa nguo za wateja chumbani kwake, nikatandika kitanda, nikashona pazia jipya. Mheshimiwa nimemsihi kesho afunge.

Jumamosi, 14 Juni
Hakufunga. Alikula aina zote tano mbele ya binti, akamalizia na pindo la pazia.

Binti akanitazama. Mimi nikalitazama pazia. Mama yake akasema anakula hivyo tangu Alhamisi. Nikajikunyata kungoja kelele. Binti akasema taratibu kwamba siku nyingine, baba, nipige tu simu niseme nimemkumbuka. Inatosha.

Jumapili, 15 Juni
Binti ameondoka saa tatu asubuhi. Ripoti zimefutwa. Saa moja jioni: simu kimya. Saa moja na robo: kimya.

Sasa niandike ukweli. Nilisimama mbele ya kioo cha wateja nikajizoeza: nimekukumbuka, mwanangu. Mara sita. Ilikaa vizuri kabisa. Nikapiga.

Akapokea, akauliza kuna nini, baba. Nikasema Mheshimiwa anapiga chafya.

Mheshimiwa alikuwa amelala ubavu, tumbo limejaa kabichi, mzima kuliko sisi sote. Binti akauliza, chafya ngapi. Nikamwambia ni habari ndefu.

Nikasikia anavuta kiti.