Kamati ya Muda ya Utayari wa Mtoto

Kwa niaba ya Kamati ya Muda ya Utayari wa Mtoto, Ukanda wa Kreta, ninayo heshima kutangaza kwamba swali lililowasumbua wazazi miaka nenda miaka rudi, yaani mtoto ajue nini kabla ya kuanza darasa la kwanza, sasa limeshughulikiwa kikamilifu. Limefanyiwa vikao. Mimi, Abdulwahabu, ndiye katibu wa kamati hiyo, na chochote mtakachosikia mitaani Karatu kuhusu sisi na kile kibaraza kimetiwa chumvi na watu wasiojua taratibu.

Nianze na chumba. Kamati ya hadhi yetu haiwezi kukaa popote tu. Tulizunguka kutwa nzima, tukaikuta shule moja ya msingi nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Endamarariek, yenye chumba kimoja tu cha maana, chenye dari na madirisha ya vioo. Chumba hicho kilikuwa darasa la awali. Kwa kuwa tulikuwa tunajadili watoto wa awali, tuliona busara tukae palepale penye mada. Mwenyekiti wetu, Bwana Vedasto, akamwambia Mwalimu Leonida awatoe watoto kidogo, kwa wiki mbili, wasomee kibarazani. Hiyo ilikuwa Februari.

Mwalimu Leonida ni mama mpole mwenye asili ya Mbulu, na ana tatizo moja: ukimuuliza swali, anajibu. Siku ya kwanza mwenyekiti alimwomba aieleze kamati, kwa kifupi, mtoto ajue nini kabla ya shule. Akaeleza kwa kifupi. Ajue kusubiri zamu yake. Amsikilize mwenzake anapoongea. Akiwa na kitu, agawane. Anawe mikono, avae viatu vyake mwenyewe, akikosea aombe radhi.

"Hayo mengine, herufi na namba, yatakuja tu," akasema. Kisha akashukuru na kuuliza kama sasa anaweza kurudishiwa chumba.

Tulitazamana. Kama jambo hili lingekuwa jepesi kiasi hicho, kamati ingekuwa ya nini?

Bwana Raphaeli, mjumbe anayewakilisha utalii kwa sababu aliwahi kuendesha magari ya wageni kuteremka Kreta kutazama wanyama, alisema mapendekezo ya mwalimu hayana mvuto wa kimataifa. Yeye alitaka mtoto awajue wanyama wakubwa watano kwa Kiingereza, na apunge mikono yote miwili kila gari la wageni linapopita, maana mkono mmoja unaonyesha uvivu. Tulilifanyia majaribio pendekezo hilo. Kwa bahati mbaya njia ile haipiti watalii, inapita malori ya vitunguu, na madereva walikuwa wakisimama kila mara wakidhani kuna mtoto ameumia. Bwana Vedasto alitaka somo la uongozi. Mimi nilishauri, na nasema hili bila kujisifu, tuvichukue vipengele vya mwalimu lakini tuvipe majina yanayostahili. Kusubiri zamu kukawa Stadi ya Uvumilivu Mfululizo. Kunawa mikono kukawa Usimamizi Shirikishi wa Viganja. Viatu tuliviweka kando kwanza, vilihitaji mshauri mwelekezi.

Kazi ikaanza, na sifichi kwamba ilikuwa nzito. Kikao cha kusubiri zamu kilivunjika asubuhi ileile kwa sababu kila mjumbe alitaka awe wa kwanza kuchangia. Kikao cha kusikiliza kilirudiwa tena na tena, maana hakuna aliyesikia kilichoamuliwa kwenye kile kilichotangulia. Tulipofika kwenye kuomba radhi, Raphaeli akamkanyaga mwenyekiti mguu. Mwenyekiti akasema haendelei mpaka aombwe radhi. Raphaeli akasema mguu ndio uliokuwa njiani. Ikabidi tuunde kamati ndogo ya mguu, ambayo ilifanya kazi nzuri sana mpaka Juni.

Mwalimu Leonida alikuwa haachi kuja. Kila kikao alisimama mlangoni, akanyoosha mkono. Sisi si watu wabaya. Suala lake la chumba tuliliingiza kwenye ajenda, chini ya Mengineyo. Mengineyo, kama anavyojua kila mzoefu wa vikao, huja mwisho, na kwetu mwisho ulikuwa unaletwa na chai. Ikishaingia chai pamoja na maandazi ya moto kutoka sokoni, hakuna mwenyekiti duniani anayeweza kuendelea na ajenda.

Sasa, Julai ya Karatu mnaijua. Ukungu unateremka kutoka msituni kule juu, unakaa mpaka jua linapokaribia utosini, na upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Watoto walikuwa kibarazani, kwenye mkeka, wamejikunyata ndani ya masweta, wanaimba namba huku makamasi yakiwatiririka. Siku nyingine waliimba kwa sauti kubwa mno, tukalazimika kufunga madirisha. Ndipo asubuhi moja Mwalimu Leonida aliingia bila kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wanangu wana baridi," akasema. "Wawili walipelekwa zahanati jana. Naomba chumba changu."

Mwenyekiti alikuwa na andazi mkononi. Alimweleza kwa upole wa kiongozi kwamba baridi ni suala mtambuka, linalogusa sekta nyingi, na kwamba uvumilivu ndio hasa tunaoujenga kwa hawa watoto. Mwalimu alimtazama yeye, kisha akanigeukia mimi. Sikupenda alivyonitazama. Ilinichukua muda kumaliza chai yangu.

Haukupita muda zikaja habari njema. Ofisi za juu zilikuwa zinamtuma Bi. Mwamini aje atutathmini. Akiridhika, tungeacha kuwa kamati ya muda, tungekuwa ya kudumu, na kile chumba kingekuwa sekretarieti yetu moja kwa moja, na zulia juu. Mwalimu Leonida aliitwa akaambiwa mambo mawili: awaandae watoto na wimbo wa kumpongeza mgeni, na aanze kufikiria mahali pengine pa kusomeshea, kwa sababu chumba ndiyo basi tena. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani. Akauliza, zaidi ya wimbo, watoto waonyeshe nini.

"Waonyeshe walichojifunza mwaka huu," akajibu mwenyekiti.

Siku yenyewe tulikuwa mjini tunakunywa supu, tumejipanga vizuri kabisa, ikapigwa simu kwamba mgeni ameshafika. Mgeni rasmi kuwahi ni jambo ambalo hakuna kamati nchini iliyojiandaa nalo. Tulikwenda mbio, Raphaeli akiendesha kama anakimbizwa na nyati. Tulimkuta Bi. Mwamini, mama wa makamo, mnene kidogo, ameketi chini kwenye mkeka wa kibarazani, katikati ya watoto, miguu ameinyoosha. Mwalimu Leonida alikuwa amesimama ukutani. Mwenyekiti alitaka kumwinua mgeni ampeleke ndani. Mgeni akamwonyesha kwa mkono atulie.

"Wanacheza," akasema. "Ngojeni wamalize."

Nikamwinamia binti mmoja, Hasna, mjukuu wa muuza vitambaa wa pale mjini, nikamuuliza wanacheza nini.

"Kamati," akasema.

Nilikaribia kulia kwa furaha. Watoto hawa hata darasa la kwanza hawajalikanyaga, na tayari wanaendesha vikao. Nikamtazama Bi. Mwamini ili tufurahi pamoja, lakini yeye alikuwa amekaza macho mbele.

Hasna ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa amelitupia sweta mabegani mithili ya koti, kifua nyuma, tumbo mbele. Akagonga sakafu kwa kiatu, akasema akidi imetimia. Wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Mmoja akaweka jiwe sikioni, akatoka nje akisema kwa sauti kwamba yuko kikaoni, atapiga baadaye. Mwingine alisahau maneno, akabaki anasema "Naomba, naomba," nikamnong'oneza, "Mwongozo wa mwenyekiti, mwanangu." Akanishukuru. Ni kwenye nafasi ya katibu tu ndipo walipoharibu. Aliyepewa nafasi yangu, mtoto anayeitwa Shaabani, tangu mwanzo alikuwa anatafuna tu, mashavu yamemjaa. Hakuandika hata herufi. Niliona huo ni upotoshaji na uliniuma.

Kando ya mkeka alisimama Nareyu, binti mdogo ambaye kwao ni Ololosokwan ila anakaa na shangazi yake hapa kwa ajili ya shule. Alikuwa amenyoosha mkono. Ulipochoka aliushikilia kwa mkono wa pili. Hakuna aliyemtazama. Mwishowe akaongea bila kuitwa.

"Mheshimiwa, wanangu wana baridi."

"Hilo la Mengineyo," akasema Hasna. "Chai imefika. Kikao kimefungwa."

Wote wakajifanya wanakula. Nareyu akakaa chini, akavuta sweta lake mpaka kwenye magoti.

Bi. Mwamini akamuuliza, "Halafu inakuwaje, mwanangu?"

"Halafu basi, yeyo," akasema Nareyu, kama watoto wa Kimasai wanavyomwita mama. "Tunaanza tena."

Raphaeli alipiga makofi, akaacha alipoona yuko peke yake.

Hapo ndipo Bwana Vedasto alipoonyesha ukomavu. Wengine wangetafuta pa kujificha. Yeye alisogea mbele, akatengeneza tai, akamweleza mgeni kwamba michezo ya watoto isimpoteze, kamati ina viwango, na viwango vyenyewe havina mzaha. Asiyefaulu vipengele vyote, kuanzia Uvumilivu Mfululizo mpaka Viganja, hatavuka kwenda mbele.

"Hata awe nani?" akauliza Bi. Mwamini.

"Hata awe mtoto wa nani, mama. Hata awe nani."

"Vizuri. Basi tupime leo."

Akaomba mlango ufunguliwe na chai iletwe. Watoto wakavua viatu, wakajipanga mstari kwenye kibuyu chirizi, lile dumu linaloning'inia kwenye nguzo ambalo ukikanyaga kijiti linamwaga maji. Wakanawa, mmoja baada ya mwingine, na yule wa mbele akimkanyagia wa nyuma. Hapo ndipo lilipotokea kosa la kiufundi, kwa sababu shughuli ile ilichukua muda mrefu na chai ilikuwa inapoa. Sisi tulikuwa tumeshaingia. Kulikuwa na msongamano kidogo mlangoni, na mguu wa mwenyekiti ukakanyagwa tena. Watoto walipofika mezani, sahani kubwa ilikuwa imebaki na maandazi matatu.

Hasna aliyachukua yote matatu. Nilifikiri sasa tumemkamata. Akayakata vipande vidogo vidogo, akazunguka navyo, kila mwenzake akapata. Kilichobaki kilikuwa chake. Akakiinua kwenda mdomoni, akaona mwenyekiti anamtazama, akasita, akampa.

Mwenyekiti akakipokea.

Nilipogeuka, Bi. Mwamini alikuwa mlangoni, mikono bado inadondosha maji. Hata yeye, mgeni rasmi, hatukuwa tumembakizia.

Uamuzi aliutoa palepale, bila kikao, jambo ambalo nililipinga na bado nalipinga. Watoto wamefaulu, akasema. Chumba ni chao kuanzia sasa hivi, na lile zulia waletewe wao. Kamati haikufaulu hata kipengele kimoja. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba yeye ana shahada.

"Herufi na namba unazijua," akasema Bi. Mwamini. "Hayo mengine ndiyo bado. Na kamati yako siivunji, Bwana Vedasto. Mliomba kudumu, mtadumu. Januari mtaanza darasa la awali na wenzenu, hapahapa, na mtatoka siku Mwalimu Leonida atakaposema mko tayari."

Mwalimu Leonida alikuwa anamfungia mtoto kamba za viatu, na nadhani alikuwa analia.

Naomba umma uelewe kwamba hii si adhabu. Ni kujengewa uwezo. Mitaani wanacheka, waache wacheke. Ni wangapi kati yao waliowahi kuchaguliwa na ofisi za juu kwenda masomoni?

Januari ikafika. Wale watoto wote walivuka uwanja kwenda darasa la kwanza, Nareyu akiwa mbele na sare iliyomzidi kimo, hakuna aliyegeuka kututazama. Sisi tulipokelewa pamoja na wanafunzi wapya, wa miaka minne na mitano, wengi wao wakilia. Nilivua viatu mwenyewe, na nilifurahi kuona mwalimu ameliona hilo. Raphaeli alisaidiwa. Tukapewa vile viti vidogo vya rangi. Changu kilikuwa chekundu, na kumbe ukikaa kwa ubavu kinatosha. Mtoto aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama na mimi nimeletwa na mama. Nikamwambia nimeletwa na ofisi. Akanionea huruma, akasogea nipate nafasi.

Aliyekosekana alikuwa mwenyekiti. Nilimwona kupitia dirishani, yuko getini, amemng'ang'ania dereva wake mkono wa shati, anamwambia wageuze gari warudi nyumbani, hapa hapamfai, hamjui mtu. Dereva, mtu mwenye moyo laini, alikuwa anambembeleza na kumwahidi kwamba mchana atamfuata. Mwalimu Leonida akawaendea. Akamshika mwenyekiti mkono, taratibu, bila kumvuta, na akamwambia dereva aondoke tu wala asigeuke nyuma. Siku ya kwanza wote huwa hivyo, akasema. Gari likishapotea kwenye kona, wananyamaza wenyewe.