Siku Tano Baharini Ndani ya Karai

Jumatatu, 27 Februari 2006

Mwalimu Kabura amekubali mchezo wangu. Ndio utakaoenda mashindano ya drama ya wilaya, hapa hapa Kitale. Mume na mke wanasafiri kwa mashua ya tanga kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Siku tano, maji matupu. Nimesoma kila kitabu cha bahari kilicho maktabani. Bahari yenyewe sijaiona.

Mke atakuwa Khairunisa wa Kidato cha Tatu. Tangu mwaka jana nimemwambia neno moja, "sawa", na kumbe alikuwa akiongea na mtu nyuma yangu. Nikiwa mume, nitapata siku tano nzima za kuzungumza naye, na maneno yote yameshaandikwa. Hiyo ndiyo sababu ya mchezo. Mwalimu anadhani ni kupenda jiografia.

Jumanne, 28 Februari

Mume ni Derrick. Ati sauti yangu haifiki safu ya pili. Mimi ni wimbi. Nitalala chini ya turubai la bluu la kuanikia mahindi, nikilitikisa.

Derrick hajui lolote kuhusu bahari. Aliuliza usiku wanapaki wapi. Nikaeleza kwamba hakuna kupaki, mashua inaenda usiku kucha, mmoja analala na mwingine anashika usukani, kwa zamu. Akasema hiyo si ndoa, bana, hao ni maaskari wa geti. Khairunisa akacheka. Zamu nimeandika mimi, kicheko akakipata Derrick.

Mzee Sufian, baba yake Khairunisa, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, amemruhusu acheze mradi mume akae mwisho mmoja wa mashua na mke mwisho mwingine. Namheshimu sana mzee huyo.

Alhamisi, 2 Machi

Nimeanza kupigana kwa kalamu. Siku ya pili ya safari nimempa mume ugonjwa wa bahari. Kurasa mbili za kutapika. Derrick hupiga shati pasi hata kwa mazoezi, nikajua atakataa.

Alitapika kwa ustadi. Kidato cha Kwanza wakajaa dirishani, wakaomba arudie. Akarudia.

Jumamosi, 4 Machi

Mashua imefika kwa pikapu kutoka Bungoma. Ni karai la mjomba Barasa, lile anamochemshia maji ya miwa mpaka yawe sukari nguru. Ni pana kama kitanda. Mjomba aliuliza mashua gani hii haina pua. Nikamwambia watu wa Kitale hawatajua. Akaniagiza nilisugue lote kwa maji moto na majivu, kila pembe, nisije nikajuta.

Upande wa mke niliusugua mpaka ukang'aa. Upande wa mume niliuacha na utando wake wa sukari. Suruali ya Derrick ikiganda mara mbili, atajiuzulu mwenyewe.

Jumatatu, 6 Machi

Suruali iliganda. Derrick akachungulia alipokalia, akakwaruza kwa ukucha, akaonja. Sasa anafika mazoezini kabla ya kila mtu. Anasema hajawahi kusikia mashua inayoliwa. Leo alimbandulia Khairunisa kipande, akakipitisha kwenye kasia ili umbali wa Mzee Sufian uheshimiwe.

Alikipokea. Alisema ni kitamu.

Alhamisi, 9 Machi

Mashindano. Karai lilikaa juani nje ya ukumbi asubuhi nzima likisubiri zamu yetu.

Siku ya kwanza baharini ilikwenda salama. Siku ya pili Derrick alitapika na ukumbi ukashangilia. Siku ya tatu nyuki waliingia madirishani. Hawakupapasa. Walikwenda moja kwa moja upande wa mume. Derrick akajitupa baharini, akakimbia juu ya maji mpaka mlangoni.

Hii ilikuwa nafasi yangu. Maneno ya mume nayajua yote. Nikainuka kutoka vilindini, nikafungua kinywa, na nyuki mmoja akanidunga mdomo wa chini. Nikazama tena.

Khairunisa akabaki peke yake. Akavuta ushungi mpaka puani, akashika usukani, akatazama pale ambapo hapakuwa na mtu. Akasema taratibu, "Lala, mume wangu. Zamu hii ni yangu." Nyuki walipovuma alisema upepo umegeuka. Alisafiri siku zote zilizobaki hivyo, akihesabu nyota, akimpimia maji mume aliyelala, mpaka akaona kisiwa. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilisahau kulitikisa turubai. Majaji wameisifu bahari kwa kutulia mahali panapofaa.

Tumeshinda. Yeye ndiye mwigizaji bora wa wilaya.

Jumatatu, 13 Machi

Mwalimu Kabura ameamua kwamba kwenye mashindano ya mkoa mke atasafiri peke yake. Derrick ni wimbi la pili. Tutagawana turubai.

Mdomo wangu umerudi ukubwa wake. Mchana Khairunisa alikuja maktabani, akavuta kiti cha meza yangu. Alisema pale jukwaani hakuogopa, kwa sababu nilikuwa nimeandika kila jambo ambalo mtu hufanya baharini, akajua la kufuata. Akauliza kama nitamwandikia mchezo mwingine mwakani. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuondoka. Alikaa mpaka kengele, akaniuliza mambo kadhaa, nafikiri kuhusu vitabu.

Sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Mume na mke wanavuka jangwa, kila mmoja na ngamia wake. Siku kumi. Mume nimempa hotuba ndefu ambazo Derrick hatazimeza hata akipewa mwaka.

Safari hii lazima nipate nafasi ya kuzungumza naye.