Ngazi ya Saba na Bi Futi

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha familia sebuleni. Ajenda moja tu: nani auze nyumba yangu. Magoti yamegoma, daktari kasema ngazi basi. Mwenye kile kinyumba cha chini, karibu na kwa binti yangu, amekubali kuningoja hadi mwisho wa mwezi. Siku ishirini na nane! Zikipita anampa mwingine.

Mimi jibu ninalo tangu zamani. Kitinda. Mwanangu wa mwisho, dalali. Ana wiki sita kazini na kadi zake zina rangi ya dhahabu pembeni. Kabla ya hapo alikuwa kinyozi, akawa fundi simu, akawa mpiga picha. Picha zake zilikuwa safi sana, ila vichwa vilikuwa havitokei vyote. Watu wakasema. Wivu!

Binti yangu mkubwa, karani wa hospitali, mtu anayependa mihuri kuliko chakula, akasema anataka dalali aliyesomea, mwenye leseni. Nikamwambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akasema kumbe mama umekiri mwenyewe kwamba ni zimwi. Mtoto huyu! Ulimi kauchukua kwa baba yake.

Kitinda kainamia viatu vyake. Unyenyekevu. Watu wakubwa wote ndivyo walivyo.

Jumatano, 5 Machi

Dalali wa leseni kaja, kaitwa na binti mkubwa. Mwanamke mfupi, viatu vya kamba, cheti ndani ya bahasha ya nailoni. Ameamkia vizuri, siwezi kumnyima haki yake.

Lakini kupima! Ana futi ya chuma inayojirudisha yenyewe, krrr, kama mjusi kaona paka. Kapima sebule. Kapima jiko. Kapima choo, hata sijui choo kimemkosea nini. Nimempa jina: Bi Futi.

Kwenye ngazi kasimama. Ya saba. Kapima mara tatu. Akasema mama, hii imewazidi wenzake kimo kwa vidole viwili. Nikamwambia miaka thelathini hapa hakuna aliyelalamika. Akaandika.

Sikumpa habari yake. Ngazi zile alizijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake, kila Jumapili ngazi moja. Jumapili ya saba nilimpelekea maji ya kunywa, nikamwambia mtoto mwingine yuko njiani. Alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Kipimo akakisahau palepale. Ile ngazi ndiyo Kitinda. Halafu mtu anakuja na kalamu anasema imezidi!

Jumamosi, 8 Machi

Mbinu ya kwanza. Binti mkubwa kaniletea dawa, Kitinda yuko mezani anakula. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikampigia simu Kitinda kwa sauti nzito ya bwana mwenye mali zake. Nikasema natafuta nyumba ya ghorofa, nimesikia wewe ndiye bingwa. Nilitaka dada yake asikie kwa masikio yake jinsi kijana anavyogombewa.

Kitinda akajibu, tena kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: mama, una mafua? Mbona usije huku tukaongea?

Dada yake alicheka hadi akakaa chini. Nikatoka nakohoa. Kile kikohozi nilikuwa nacho tangu asubuhi.

Jumanne, 11 Machi

Mbinu ya pili. Hii ilikuwa ya uhakika.

Bi Futi kaleta wateja, fundi cherehani na mumewe. Nikajiweka kwenye kochi nikamwaga yote. Bati la uani linavuja. Mlango wa jiko huvimba mvua zikinyesha. Bomba linalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nikangoja wakimbie.

Yule fundi akafunua karatasi. Bati, lipo. Mlango, upo. Bomba, lipo, ila kilio chake hakikuandikwa. Yote Bi Futi kawapa mapema! Fundi akasema tangu aanze kutafuta nyumba hajaona muuzaji mkweli kama mimi, na kwamba atarudi. Bi Futi akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema mama, laiti wauzaji wote wangekuwa kama wewe.

Nimelala mchana mzima kwa hasira. Ila ni kweli mimi ni mkweli. Hilo kaliona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemlazimisha Kitinda alete mteja wake kwa siri. Alikataa mara mbili. Ya tatu nikashika goti, nikaguna. Akakubali.

Kaleta bwana mwenye duka la vioo. Shati kali, marashi, funguo za gari kidoleni. Kitinda anajua kuongea! Akaonyesha dirisha ambalo dada yake alichungulia utotoni, kichwa kikakwama. Akaonyesha kona ambayo baba yake alikuwa akisinzia na redio kifuani. Robo saa nzima. Mimi machozi. Bwana wa vioo akauliza kama umeme una mita yake. Kitinda hakujua. Mimi pia sikuikumbuka.

Tukapanda juu. Kitinda mbele, anaongea huku kageuza shingo. Mteja katikati. Mimi nyuma nimeshika ukuta. Kitinda akafika ya saba, akainua mguu. Mteja hakuinua.

Puu! Bwana mzima kapiga magoti kama anaposa. Suruali imechanika, funguo zimeshuka ngazi zote sita zikihesabu moja moja. Akaondoka bila kuaga. Marashi yake yakabaki.

Kitinda akakaa palepale kwenye ngazi ya saba. Nikakaa chini yake. Kisha akasema mama, hii ngazi siioni. Mguu wangu unaijua, macho yangu hayajawahi kuiona. Nitamuuzia vipi mtu kitu nisichokiona?

Halafu akanipasulia siri. Namba ya Bi Futi, yeye ndiye aliyempa dada yake! Alikwenda kwake kuomba kazi, akamkuta anamzuia mteja asinunue nyumba yenye ufa mpaka apate fundi wa kuikagua. Akasema moyoni, nyumba ya mama yangu auze huyu. Akasema kwenye picha niliwakata watu vichwa, mama, na mambo mengine pia nimeyaharibu, lakini nyumba unayo moja.

Nikamvuta sikio. Kidogo tu. Kisha nikampa kipande changu cha mkate, chenye siagi nyingi. Hakujua nilikuwa nalia, kwa sababu nilikuwa nampigia kelele kuhusu kunyoa ndevu.

Alhamisi, 27 Machi

Imeuzwa! Fundi cherehani na mumewe. Bei yangu, siku nne kabla ya mwisho.

Wamekuja kuitazama mara ya mwisho. Fundi kapanda ngazi, kafika ya saba, kainua mguu. Mgeni! Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema imeandikwa, ukurasa wa pili. Akasema alikuwa na mpango wa kuichonga ilingane na wenzake.

Basi nikamweleza. Jumapili ile, maji ya kunywa, mwiko. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni anatazama dari. Fundi akaipapasa ngazi kwa kiganja kama anavyopapasa kitambaa. Akasema basi, nitaipaka rangi ya manjano pembeni, ibaki hivyohivyo. Bi Futi alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Alitafuta sana. Hakutoa chochote.

Jumapili, 6 Aprili

Kinyumba changu. Hakina hata ngazi moja, magoti yanaimba. Jioni nilikuwa natoka jikoni kwenda chumbani. Hatua ya saba, mguu ukainuka wenyewe. Sakafu tambarare kama sahani! Nikageuka kuona kama kuna aliyeniona. Kitinda alikuwa nyuma yangu na godoro kichwani. Akafika palepale, na yeye akainua. Tukacheka mpaka godoro likaanguka.

Sasa yuko kwa Bi Futi. Kazi yake kushika ncha ya futi, na usiku anasoma. Mtihani wa leseni ni mwezi wa saba. Mimi nasema wazi: bila yeye tusingempata Bi Futi. Kwa hiyo nyumba nani kaiuza? Kitinda!

Nimemweleza hivyo jirani yangu mpya, muuguzi mstaafu. Anauza kiwanja na keshachagua dalali wa leseni. Nikamwambia dada, leseni ni karatasi tu, mimi nina mwana aliyeuza ghorofa kwa wiki nne. Kaahirisha yule wake. Miadi ni Jumanne saa nne asubuhi.

Kitinda bado hajui. Nikimwambia mimi, atakataa. Nitampigia kesho kwa sauti nzito ya bwana mwenye mali zake. Safari hii nitaziba pua.