Itifaki ya Kuwaka

Ninayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba kituo chetu cha mafunzo hapa Keko kimerejesha nidhamu ndani ya kompyuta kuukuu. Mie, Projestus, Mkuu wa Kituo, ndiye niliyeunda Kamati ya Itifaki ya Kuwaka.

Chanzo ni mwalimu wetu, Raudha. Diski za kompyuta zilikufa, zote. Vijana walitakiwa wajisajili mtandaoni kwa mtihani wa ufundi kabla ya saa kumi jioni siku hiyo, la sivyo mwaka wao umekwenda na maji. Raudha akaja na flashi yenye Linux, mfumo wa bure, mwepesi kwa mashine kongwe. Alitaka aingie kwenye bayosi, ile sehemu inayoamka kwanza na kupanga nani aiwashe kompyuta, aitangulize flashi.

"Itangulie?" nilimaka. "Diski imeanza kazi hapa kabla yako. Flashi umeinunua lini?"

"Juzi, bosi. Kariakoo."

"Kibarua wa juzi amruke mkubwa wake! Jamani!"

"Bosi, diski imekufa."

"Ipo kwenye nafasi yake. Haijaandika barua ya kujiuzulu."

Tukaisubiri diski. Kamati ilikaa, ikanywa chai na vitumbua, ikaazimia kuendelea kusubiri. Nje vijana walishachachamaa.

Saa tisa akaingia mgeni rasmi, Mama Elinaza wa wizarani, aliyekuja kuizindua Kamati. Raudha akamwamkia, machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo mama. Basi, bosi, tuistaafishe diski kwa heshima, flashi ipande."

Hapo sasa! Hoja ya kiutumishi hiyo. Niliiandikia waraka palepale, diski ikafanyiwa hafla: risala, shada la maua, makofi. Raudha akaipandisha flashi, mashine moja baada ya nyingine, zote zikawaka. Vijana walivamia viti, wakajisajili wote. Nilijisikia fahari, sifichi.

Mama Elinaza akaomba nimsomee waraka. Nikasoma kwa sauti ya mkutano: "Aliyetangulia, endapo haamki na anawazibia njia walio nyuma yake, aagwe kwa heshima siku hiyohiyo."

"Umesaini?"

"Kwa mbwembwe, mama."

"Mbona haukutaja diski?"

"Waraka mzuri hautaji majina, mama. Unamhusu kila mtumishi."

"Safi sana." Akawageukia wahudumu. "Nyie, viti msiviondoe. Mzee Projestus, simama tukuage."

Nilisimama. Makofi, lazima niseme ukweli, yalizidi ya diski.