Mabano ya Aya Yaliyofika Mpaka Kwenye Pilau

Jamani, leo nimefedheheka. Si kidogo. Nimefedheheka mpaka mtandio umenivuka nisijue.

Mnajua mie nasoma kompyuta jioni kule Usagara. (Ndiyo, na miaka yangu arobaini na minne. Darasani naamkiwa shikamoo na kila mtu, mwalimu akiwemo.) Hapa Pongwe, shoga yangu Mwanaisha na wenzake wawili wananiangalia tu. Waliniambia wazi: "Weye tangulia. Tukiona umeweza, nasi tunajiandikisha. Ukishindwa, tunabaki na ukili wetu wa kusuka mikeka."

Sasa Jumapili ya wiki ijayo watoto wa madrasa wanahitimu msahafu, na Salha wangu yumo. Maalim akanipa kazi ya kuchapa barua ya mwaliko. Kazi yangu ya kwanza! Tena akaniusia: "Mama Salha, ile aya ya juu usiiweke kwenye mabano ya kawaida. Maneno ya Mola yana mabano yake, yale yenye nakshi."

Nayajua. Nimeyaona vitabuni tangu utotoni. Ila kwenye kibodi yako wapi? Leo asubuhi nimekwenda darasani kufanya mazoezi, nikabonyeza kila kitufe, hata vile vya juu tulivyokatazwa. (Kompyuta ikazima. Nikastaghfiru, nikaiwasha.) Mwisho mwalimu akanionea huruma, akanifungulia orodha ya alama. Unaichagua, inaingia. Hayo hapo: ﴾ ﴿. Nusura nipige kigelegele!

Lakini barua yote nilishaichapa kwa mabano ya kawaida, na mie kwa kutia maneno mabanoni sijambo. Nikakumbuka somo la wiki iliyopita: unaiamuru kompyuta itafute alama hii, mahali pake iweke ile, barua nzima kwa mara moja. Mbona nihangaike? Nikabonyeza "badilisha zote". Ikanijibu kwamba imebadilisha mabano kumi na manne. Nikasema mashallah, ina bidii.

(Aya moja ina mabano mawili tu. Hesabu hiyo nimeipiga sasa hivi, nimejifungia chumbani.)

Nikatoa nakala arobaini. Baada ya Alasiri nikaingia nazo madrasa, kina mama wa kamati wamejaa mkekani, Mwanaisha na wenzake wamo. Ya kwanza nikampa Bi Mwanamkuu, mkubwa wetu. Yeye herufi za msahafu anazisoma kama maji, hizi zetu za shule hazijui.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Hii umeichapa weye?"

"Ndiyo Bi."

Akaitazama. Akapitisha kidole. Machozi yakamlenga.

"Allahu akbar! Aya saba!"

Akaibusu karatasi, akaiweka kwenye paji la uso. Kisha akawageukia wenzangu: "Nyie, jitandeni vizuri! Hapa pana maneno ya Mola." Wote wakajitanda. Mie najiona kama nimetoka Hija jana.

"Maalim," Bi akasema, "ya kwanza naijua. Hebu tusomee ya pili, utufasirie."

Maalim akaitazama karatasi. Akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena.

"Bi, hii ya pili..."

"Soma baba, usituonee choyo."

Akasoma taratibu: "﴾Kila mama aje na sahani yake﴿."

Mie nikaichungulia nakala yangu.

"Hiyo ndiyo tafsiri yake?" Bi akauliza.

"Ndiyo maneno yenyewe, Bi."

"Haya, ya tatu."

"﴾Viatu viachwe nje, kila mtu na ulinzi wake﴿."

Mwanaisha akaanza kutetemeka ndani ya kanga.

"Na ya nne?"

"﴾Atakayechelewa asiulize pilau﴿."

Wallahi, madrasa yote ililipuka! Mwanaisha alilala kwenye mkeka, miguu juu. Bi Mwanamkuu mwenyewe alicheka mpaka akatafuta pa kushikilia, akashika goti langu.

Mie sikucheka. Nilikuwa naogopa kweli. Sufuria la pilau nimelitia kwenye mabano ya Mola! Nikamsogelea Maalim, nikamnong'oneza: "Maalim, nimekufuru?"

Naye anauma midomo, masikini. "Hujakufuru, Mama Salha. Umeghafilika tu. Mola anaijua nia yako. Ila karatasi hizi haziendi popote."

Na kutupwa hazitupwi, zina aya. Nikazikusanya moja moja ili tuzichome kwa heshima. (Ya Bi Mwanamkuu hakunipa. Kasema aya moja humo ni ya kweli, inamtosha.)

Nikajua Mwanaisha na wenzake ndiyo basi tena. Akanifuata mlangoni, anajifuta machozi.

"Shoga, kwani mtu akikosea, kompyuta haiharibiki?"

"Haiharibiki. Unarekebisha, unachapa tena."

"Na mwalimu hagombi?"

"Hagombi."

Wakaangaliana wale watatu.

"Basi Jumatatu tupitie. Sie tulichokuwa tunaogopa ni kuumbuka, na fungu letu umeshalimaliza weye."

Barua mpya tayari, nimeichapa jioni hii darasani, Maalim kaikagua mwenyewe, bano kwa bano. Kwa hiyo chekeni tu, lakini Jumapili muwahi. Habari ya pilau iko palepale, nimeitoa mabano tu.